Mizani ya Shule ya Jirani

Kila mwaka, pindi Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, huzuka mitaani kwetu hukumu nyingi zisizokuwa na kadhi: shule hii husifiwa hata ikadhaniwa kuwa chemchemi ya maarifa yote, na ile, ambayo pengine imetengana na ya kwanza kwa ukuta mmoja tu, ikatwezwa na kila mwenye ulimi, ijapokuwa aghalabu ya wasifuo na watwezao hawajapata kukanyaga darasa la shule yoyote katika hizo mbili. Mzazi mwenye wasaa wa mali hana haja ya kujisumbua na hukumu hizo, maana akitaka humpeleka mwanawe kwenye shule ya kulipia, basi la shule likampitia mtoto mlangoni alfajiri. Lakini mzazi wa kawaida, ambaye mtoto wake ataandikishwa katika shule ya serikali iliyo jirani kwa kuwa ndiyo iliyopo, ana haja kubwa ya kujua namna ya kuipima shule hiyo kwa insafu, si ili aikimbie, bali ili ajue la kuiuliza na la kuidai.

Rai yangu ni kwamba shule ya msingi hupimwa vema ikitazamwa kutoka chini kwenda juu: darasa la kwanza kabla ya la saba, mtoto wa mwisho kabla ya mtoto wa kwanza, na Jumanne isiyo na mgeni kabla ya siku ya mahafali. Watu wengi hupima kinyume cha hayo, na ndiyo sababu hukumu zao hazidumu.

Natuyatazame kwanza matokeo yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayoshikwa na kila mtu. Mtahiniwa wa darasa la saba hufanya masomo sita, kila somo lina alama 50, na jumla yake ni alama 300. Apataye alama 121 huhesabiwa kuwa amefaulu kwa daraja la C, na daraja la A huanzia alama 241. Kwa hiyo mtu aambiwapo kwamba shule fulani imefaulisha watoto tisa katika kila kumi, bado hajaambiwa kama watoto hao wamepenya tundu la sindano kwa alama mia na ishirini na kidogo, au wamepita mlango mpana kwa alama mia mbili na hamsini. Zaidi ya hayo, maswali mengi ya mtihani huo ni ya kuchagua jibu moja katika matano, hata mtoto asiyejua chochote, akijaza nafasi kwa kukisia, aweza kutumaini kupata moja katika kila matano kwa bahati yake tu. Mwaka 2012 waliofaulu nchini walikuwa takriban asilimia 31. Katika miaka ya karibuni wamekuwa wakizungukia asilimia 80. Sidhani kama yuko mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba katika muda huo mfupi watoto wa nchi hii wamezidi kujua mara mbili na nusu. Mtihani hubadilika, na usahihishaji hubadilika, na namna ya kuwaandaa watoto kwa mtihani hubadilika, ilhali tarakimu inayotangazwa huitwa kwa jina lile lile.

Kuna jambo jingine lililo zito kuliko hilo. Mwaka 2013 serikali, kwa mpango uliojulikana kwa jina la Matokeo Makubwa Sasa, iliagiza shule zote zipangwe kwa nafasi kufuata wastani wa alama zao, nafasi hizo zitangazwe hadharani, na kila mwalimu mkuu ajue amekuwa wa ngapi katika wilaya yake. Watafiti watatu wa elimu ya uchumi, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walipoyachunguza baadaye yaliyotokea, waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipanda kwa alama kweli. Lakini waliona pia kwamba katika shule hizo hizo idadi ya watoto walioketi kufanya mtihani ilipungua. Kwa maneno mengine, huenda sehemu ya kupanda huko ilitokana na wale ambao hawakuonekana siku ya mtihani. Mwalimu mkuu aliyetiwa aibu kwa ajili ya wastani wake anazo njia mbili za kuuinua, moja ni kuwafundisha walio dhaifu na nyingine ni kutokuwa nao, na hii ya pili ni nyepesi mno kuliko ile ya kwanza. Kuipima shule kwa wastani wa darasa la saba peke yake, basi, ni sawa na kumsifu nahodha kwa kuwahesabu abiria walioshuka pwani wakiwa wakavu, bila ya kuuliza ni wangapi waliopanda chomboni wakati wa kung'oa nanga. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na wako waliolalamika kwamba wamenyimwa burudani yao ya kila mwaka. Mimi naona Baraza lilifanya vema.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ambayo mzazi angepaswa kuifanya ni nyepesi, nayo haihitaji ujuzi wowote ila subira: watoto walioandikishwa darasa la kwanza miaka sita iliyopita walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani mwaka huu ni wangapi? Idadi ya watahiniwa imo katika matokeo yanayotangazwa, na idadi ya walioandikishwa imo katika vitabu vya shule, ambavyo kamati ya shule ina haki ya kuvitazama. Tofauti baina ya hesabu hizi mbili haitakuwa kosa la shule daima. Wazazi huhama, hasa mijini. Wengine hurudi bara na watoto wao baada ya mavuno kuharibika au kazi kukatika. Wengine hurudishwa darasa baada ya upimaji wa darasa la nne, wakamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzao. Lakini mwalimu mkuu anayeijua shule yake ataweza kusema, kwa jina au kwa kisa, kila kundi limekwenda wapi. Na yule asiyeweza kusema ametoa jawabu lake kwa kunyamaza.

Sasa tushuke mpaka darasa la kwanza na la pili, ambako nadhani ndiko uliko ubora wote wa shule ya msingi au kasoro yake yote. Ada ya shule zetu nyingi, na hili si siri kwa mwalimu yeyote, ni kumweka mwalimu hodari katika darasa la saba, kwa kuwa huko ndiko aibu na fahari ya shule ziliko, na kuliacha darasa la kwanza, ambalo ndilo lenye watoto wengi kuliko yote, mikononi mwa mwalimu aliyechoka, au aliyefika juzi, au anayejitolea akingoja ajira. Ikiwa mtoto hakujua kusoma mpaka mwisho wa darasa la pili, kila somo la miaka inayofuata humpita kama maneno ya lugha ya kigeni, maana sayansi na uraia na maarifa ya jamii yote huandikwa, na kwake yeye maandishi ni mapambo ya ubao tu. Serikali yenyewe iliyaona hayo, na mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ukapunguzwa ili watoto washughulike hasa na kusoma, kuandika na kuhesabu, stadi ambazo walimu huziita KKK.

Waliolidhihirisha jambo hili kwa umma ni watu wa mpango wa Uwezo, ambao tangu mwaka 2010 walikuwa wakipeleka vijana wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wala si shule kwa shule, wakimpa kila mtoto waliyemkuta karatasi yenye herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, wakaandika ni wapi alipokwama. Walikuta kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi hiyo ya darasa la pili, na kwamba hata miongoni mwa waliofika darasa la saba walikuwamo waliokwama. Hekima ya kazi hiyo ilikuwa katika mambo mawili: waliwaendea watoto nyumbani, hata mtoro hakuweza kuwakwepa, na kipimo chao kilikuwa chepesi hata mzazi aliyesoma kidogo aliweza kukitumia mwenyewe.

Nami namsihi mzazi akitumie. Mtoto wako asikusomee kitabu chake cha shule, maana watoto wana hafidhi kali, na wengi huimba ukurasa mzima hali macho yao yanatazama dirishani. Kitabu ukikigeuza juu chini wimbo hausimami. Mpe kitu ambacho hakijapata kusomwa darasani: maandishi ya pakiti ya chumvi, tangazo lililobandikwa dukani, jina la kanga ya mama yake. Akimaliza, muulize maana. Kisha mwambie kwamba Bibi alikuwa na maembe 32, akagawa 15, akaletewa mengine 8, naye atafute yaliyobaki bila ya kuambiwa ajumlishe au atoe. Mtoto wa darasa la tatu aliyefundishwa vizuri atayaweza hayo. Asipoyaweza mmoja, huenda ni mambo yake. Wasipoyaweza watoto watano au sita wa mtaa mmoja wanaosoma darasa moja, mzazi amekwisha kupata habari ambayo hakuna matokeo ya taifa yatakayompa.

Ushahidi mwingine umo ndani ya mkoba wa mtoto, nao ni daftari. Nimeona wazazi wengi wakilifungua daftari wakahesabu vema na kosa, wakalifunga wakiwa wameridhika au wamekasirika. Huko si kulisoma. Anza na tarehe. Somo la hisabati lipo katika ratiba karibu kila siku, basi tazama ni siku ngapi za wiki iliyopita zina kazi, na ikiwa kuna kurasa ambazo zimeruka kutoka Jumatatu hadi Jumatatu bila ya mtoto kuugua, uliza. Tazama kalamu nyekundu: je, mwalimu amesoma, au amepiga vema moja kubwa kutoka juu mpaka chini ya ukurasa, likapita juu ya majibu sahihi na juu ya makosa bila ya kubagua? Tazama kama baada ya kosa kuna masahihisho, na kama masahihisho hayo yamekaguliwa. Kwa maana kosa lililowekewa alama likaachwa halimfundishi mtoto ila hofu. Mwisho, na hili ndilo kubwa, linganisha daftari la mtoto wako na la jirani yake wa dawati. Zikilingana sentensi zote mpaka nukta, ujue kwamba aliyeandika ni ubao, na watoto ni wanakili. Kunakili kuna mahali pake katika darasa la kwanza, mkono unapofundishwa kukaa juu ya mstari. Lakini mtoto wa darasa la nne ambaye daftari lake la Kiswahili halina hata insha moja ya maneno yake mwenyewe, wala barua, wala imla, hajafundishwa kuandika, hata hati yake ikiwa nzuri namna gani.

Juu ya walimu nitasema kwa hadhari, kwa kuwa ni desturi mbaya ya wakati wetu kumtwika mwalimu taksiri zote za taifa. Hata hivyo liko jambo moja lililopimwa. Mwaka 2014 uchunguzi wa Benki ya Dunia, uliofanywa kwa kuzifikia shule za Tanzania bila ya taarifa, ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu waliopaswa kuwa wakifundisha saa ile hawakuwamo darasani, ilhali waliokosekana shuleni kabisa walikuwa wachache mno kuliko hao. Maana yake ni kwamba mwalimu amefika, ametia saini, yumo katika ua wa shule. Yuko ofisini akijaza takwimu zilizotakiwa na wilaya jana, au yuko chini ya mwembe akisahihisha, au amechoka. Mzazi hana haja ya kuwa mkaguzi ili alijue hili. Apite karibu na shule saa nne na nusu ya asubuhi, siku ambayo hakuna kikao wala sherehe, asimame kidogo asikilize; darasa lenye mwalimu na darasa lililoachiwa kiranja mwenye fimbo hayatoi sauti moja. Na akipata nafasi ya kuzungumza na mwalimu wa taaluma, baada ya salamu zake na adabu zake, aulize watoto wa walimu wanasoma wapi. Wakiwa wanasoma hapo hapo, ni dalili njema. Wakiwa wote wanapita mbele ya lango kila asubuhi kwenda shule nyingine, mimi singehitaji kuuliza mengi zaidi.

Msongamano ni jambo ambalo huwapotosha watu wengi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na tangu michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, kwa waraka wa mwaka 2015, watoto wamemiminika, hata katika vitongoji vya mijini kama Mbagala ikawa jambo la kawaida kukuta watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, na shule moja ikagawanywa kuwa mbili ndani ya ua mmoja, au ikasomesha kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana. Kumlaumu mwalimu mkuu kwa wingi huo ni dhuluma, maana hakuwaita yeye, na sheria imemkataza kuwafukuza. Linalostahili kutazamwa ni namna anavyoutawala: kama watoto wadogo wamepewa chumba kilicho bora au kilicho kibovu, kama vitabu vimetolewa kabatini vikasomwa na watatu watatu au vimefungiwa visichakae, kama wale wasioona vizuri wameketishwa mbele, na kama mwalimu aweza kupita katikati ya madawati au amezuiliwa ubaoni kama mtu aliyezungukwa na maji. Nimeingia madarasa ya watoto tisini ambamo kila mmoja aliitwa kwa jina lake, na ya watoto thelathini ambamo mwalimu alisema tu, wewe wa nyuma.

Vyoo visitajwe kwa haya, maana vina hesabu yake: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule chache za mijini hufikia hapo. Lakini yapo maji au hayapo, mlango una komeo au hauna, na msichana mkubwa ana mahali pa kujistiri au hukaa nyumbani siku kadhaa za kila mwezi, hayo mzazi wa kike atayajua kwa ziara moja. Fimbo nayo ina kanuni yake ya mwaka 2002: isizidi viboko vinne, apige mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Uliza daftari hilo. Pale ambapo halipo, na watoto wanapigwa kila siku, kanuni imekufa, na kanuni nyingine huenda zimekufa pamoja nayo.

Imebaki habari ya fedha. Serikali huhesabu shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo 6,000 huenda shuleni na 4,000 hutengwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 800 kwa hiyo hutarajia shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi, nazo zinunue chaki na karatasi za mitihani, zigharimie ukarabati, na mengineyo. Kiwango hicho kiliwekwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na kwa miaka ishirini kimebaki pale pale huku bei za vitu zikipanda. Mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na karatasi iliyobandikwa ikiwa ya mwaka juzi, au ubao ukiwa mtupu, mzazi amekwisha kusoma kitu. Walakini nisimfanye mtu aamini kwamba fedha peke yake ndiyo dawa. Jaribio kubwa lililofanywa katika shule 350 za nchi hii mwaka 2013 na 2014 lilizipa baadhi yake shilingi 10,000 zaidi kwa kila mtoto, na alama za watoto wa shule hizo hazikupanda. Zilipanda katika shule ambazo, pamoja na fedha hizo, walimu waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto aliyethibitika kujua kusoma na kuhesabu. Vitabu vilinunuliwa katika shule za namna zote mbili, ila katika moja kulikuwa na mtu mwenye sababu ya kuvifungua.

Mambo haya yote hayana faida yakibaki kuwa mazungumzo ya barazani. Mahali pake ni kikao cha wazazi, ambacho kwa kawaida hutumika kujadili mchango wa uji na ulinzi na siku ya mahafali, na ambacho akina baba huwaachia akina mama kisha wakalalamika kwamba hawakuarifiwa. Sera ya elimu, kwa toleo lake la mwaka 2023, imeipunguza shule ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita, na mtaala mpya ulianza kufundishwa mwaka 2024. Maana yake ni kwamba mtoto anayeanza sasa ana mwaka mmoja pungufu wa kufidia alichokosa darasa la kwanza. Basi katika kikao cha kwanza cha mwaka, kabla ya ajenda ya uji, mzazi mmoja na asimame, amwamkie mwalimu mkuu kwa taadhima yake, aulize ni mwalimu gani aliyepangiwa darasa la kwanza mwaka huu, amelifundisha kwa muda gani, na watoto wangapi wa darasa la pili wa mwaka jana walivuka hali hawajui kusoma. Mwalimu mkuu mwema atafurahi kuulizwa, kwa kuwa jawabu hilo litampa nguvu ya kumdai afisa elimu mwalimu mwingine. Na kama atachukia, mzazi na aketi, aliandike swali lake katika kumbukumbu za kikao kupitia kwa kamati ya shule, na alirudie kikao kijacho.